Hesabu yangu inasema nanomita 1,044, kisima kinatoa 992: kosa liko wapi?

KijanaWaKaloleni

Wakuu, salaam. Nisaidieni kabla sijaharibu tasnifu kwa mkono wangu mwenyewe.

Niko mwaka wa pili wa uzamili huku Ujerumani, kwenye maabara ya visima vya kwanta. Kwa asiyejua: ni tabaka la semikondakta lililolazwa katikati ya semikondakta nyingine, jembamba kiasi kwamba elektroni ikiingia humo haina pa kujinyoosha. Ndiyo inayofanya kazi ndani ya leza nyingi.

Sampuli A: msingi wa GaAs (galiamu na aseniki), juu yake nanomita 8 za InGaAs yenye indiamu asilimia 20, kisha imefunikwa na GaAs tena. Naimulika kwa leza ya kijani, nasoma mwanga inaorudisha. Kilele kiko nanomita 992, kimesimama vizuri, hakina wasiwasi.

Hesabu yangu ni hii. Pengo la nishati la InGaAs ya asilimia 20, kwa mlinganyo wa vitabuni, ni 1.134 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati). Nikaongeza nishati ya elektroni kufungiwa kisimani, kama 0.044, na ya tundu, yaani nafasi inayoachwa na elektroni, 0.010. Jumla 1.188 eV, yaani nanomita 1,044. Nimekosea nanomita 52. Hiyo si kosa la kalamu.

Mwenzangu wa maabara akasema: "Weka indiamu asilimia 15 na nusu, itakubali." Nikaweka. Ikakubali, ikatoa 994. Nilifurahi siku nzima, hadi nilipopima sampuli B. Hiyo iliota siku ileile, joto la chungu cha indiamu lilelile, tofauti ni kwamba tabaka lina nanomita 40. Mwanga wake hafifu mno na kilele kiko 1,047. Asilimia 20 kwenye hesabu inanipa 1,090. Asilimia 15 na nusu inanipa 1,034. B hataki yoyote kati ya hizo.

Nani ananidanganya? Mashine, mlinganyo au mimi?

SubiraYaPwani

Nimevuta kiti. Ngoja waje wenye fani.

Dada_Spektra

Tusirukie nadharia kwanza. Umepima kwenye joto gani? Pengo la GaAs ni 1.424 eV kwenye joto la chumba, na 1.519 ukilipoza karibu na sifuri kabisa. Ukichanganya namba za baridi na kipimo cha joto umeshapotea meV 95 kabla hujaanza (meV ni elfu moja ya eV, kwa wanaotufuata).

Pili, spektromita uliirekebisha kwa taa gani? Tatu, leza yako ya kijani kama ni ile ya 532, kuwa macho: kwenye spektromita ya mistari, kivuli chake cha oda ya pili hujitokeza mara mbili ya hapo, 1,064. Nimewahi kumwona mtu akiandika kurasa mbili kuhusu kilele cha 1,064 alichokiita "hali mpya". Ilikuwa leza yake mwenyewe.

KijanaWaKaloleni

Dada, joto la chumba, digrii 22, na namba zote za hesabu ni za joto la chumba. Spektromita nimeirekebisha kwa taa ya agoni. Kuna kichujio kinachozuia kijani, na 1,064 hakuna kitu, nimechungulia. Kilele cha 992 nimekipima mara tano kwenye vipande vitatu.

FundiWefa

Kijana, acha hiyo indiamu, usiiguse tena. Aliyeotesha wefa yako (kisahani cha semikondakta) amekupa asilimia 20 kama alivyosema. Umesahau kitu ambacho hakipo kabisa kwenye mlinganyo wako, na huyo mwenzako amekufundisha kukifunika badala ya kukitafuta. Simlaumu sana, nami nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza.

Nina miaka kumi na tisa Uingereza nikiotesha tabaka hizi kwa miale ya molekuli ndani ya ombwe. Kila mwaka anakuja mwanafunzi na swali lako, namba zikitofautiana kidogo tu.

Lile pengo la 1.134 ni la InGaAs iliyokaa peke yake, kwa raha zake. Yako haijakaa peke yake. Atomi za GaAs zimepangana kwa hatua ya angstromu 5.653 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita). Za InAs kwa 6.058. Chukua asilimia 20 ya njia kati yao, kama kanuni ya Vegard inavyotaka, unapata 5.734. Umeweka kitu cha hatua 5.734 juu ya msingi wa hatua 5.653, na msingi ni mnene mara elfu nyingi. Nani atamfuata mwenzake?

Bibi yangu Pangani alikuwa akisuka ukili na kushona mikeka. Ukili mmoja ukiwa umesukwa kwa pindo kubwa kidogo kuliko ule unaoshonewa, alikuwa akiubana, pindo kwa pindo, hadi miisho ikutane. Mkeka unalala, lakini pitisha kiganja utausikia ule ukili umeinuka, kwa sababu umenyimwa nafasi pembeni ukaitafuta juu. Tofauti ikiwa kubwa, au ukijaribu hivyo kwa mkeka mpana, haubaniki tena: mahali fulani pindo moja linaachwa bila mwenzake, na hapo mkeka unakunjamana. Sampuli yako A ni ule ukili uliobanwa. B ni ule uliokunjamana. Sasa tuingie kwenye namba, maana bibi hakuacha namba.

Mbano wa pembeni: (5.653 − 5.734) gawanya kwa 5.734, yaani asilimia 1.41 ya kufupishwa. Unaonekana mdogo. Jaribu kuubana mchemraba wa GaAs kwa mashine kiasi hicho, utapasuka mkononi mwako. Kwenye tabaka la nanomita 8 unapatikana bure.

Mbano huo unafanya mambo mawili, na nakuomba uyatenge kwenye daftari lako, usiyachanganye kuwa "sahihisho" moja.

La kwanza ni ujazo. Tabaka limebanwa pande mbili, likainuka upande wa tatu, lakini halikuinuka vya kutosha kurudisha ujazo wote. Kwa hiyo atomi kwa jumla zimesogeleana, na kwenye semikondakta za familia hii atomi zikisogeleana pengo linapanuka. Ukubwa wake: mara mbili ya 7.9 eV (wastani wa GaAs na InAs), mara 0.525 inayotokana na ugumu wa mata, mara 0.0141. Unapata 0.117 eV. Pengo limepanda meV 117.

La pili ni umbo. Kilichokuwa mchemraba sasa ni kijisanduku kirefu kwenda juu. Juu kabisa ya bendi ya valensi, ile iliyo chini ya pengo ambamo matundu hukaa, kulikuwa na aina mbili za matundu, zito na jepesi, zimekaa ngazi moja kwa sababu mchemraba hauna upande wa kupendelea. Sasa upande upo. Tundu zito linapanda: 1.96 eV mara 1.95 mara 0.0141, yaani meV 54. Jepesi linashuka, ukiingiza msuguano wake na bendi ya tatu iliyo chini, linashuka kama meV 35. Zilizokuwa pamoja sasa zimeachana karibu meV 90, wakati joto la chumba lina meV 26 tu za kuzirudisha.

Tundu zito likipanda meV 54 linalikaribia bendi ya elektroni, kwa hiyo pengo linapungua kiasi hicho. Panda 117, shuka 54: umebaki na 63 juu. Sasa rudi kwenye tofauti yako. 992 ni 1.250 eV. Hesabu yako ni 1.188. Toa.

Nitakusubiri.

Kuhusu B. Kuna unene ambao ukiupita, nishati ya kuendelea kubana inakuwa ghali kuliko ya kuacha pindo. Matthews na Blakeslee waliupigia hesabu mwaka 1974, na kwa indiamu asilimia 20 uko jirani na nanomita kumi. Kuna anayepata chini kidogo, kuna anayepata juu, kutegemea kama tabaka limefunikwa au la. Wewe umeweka 40. Safu za atomi zimeachwa bila wenzao, zinaitwa dislokesheni, na kila moja ni shimo ambamo elektroni na tundu hukutana bila kutoa mwanga. Ndiyo maana B ni hafifu. Na kwa kuwa mbano umelegea kwa sehemu, ile 63 yake imepungua. Kama ingebaki yote ungeona karibu 1,033. Ingelegea yote, 1,090. Umeona 1,047, kwa hiyo nakisia imelegea robo hivi.

Usiniamini mimi. Nenda kwenye eksirei. Kwenye tafakari ya 004, yaani ya tabaka za atomi zilizolala sambamba na uso, GaAs inakaa digrii 33.03 kwa eksirei za shaba. Tabaka lililobanwa sawasawa litakaa karibu digrii moja chini yake, maana kwenda juu limekuwa refu kwa asilimia 2.8, mara mbili ya tofauti ya mwanzo. Lakini usiishie 004, ndipo wengi wanapoanguka: 004 inaona urefu wa kwenda juu tu. Indiamu 20 iliyobanwa na indiamu karibu 39 iliyolegea zinakaa mahali pamoja. Fanya tafakari ya kuinama, 224 au 115, inayoona na pembeni. Kilele cha nanomita 8 kitakuwa kipana na kinong'onacho, usikate tamaa, kiache usiku kucha.

Halafu vunja kipande, simama ubavuni, weka kichujio cha polaraizesheni (kinachopitisha mwanga unaotetema mwelekeo mmoja tu) kati ya ubavu na spektromita. Tundu zito haliwezi kutoa mwanga unaotetema wima kwa tabaka. Utaona TE (mwanga unaotetema sambamba na tabaka) imejaa na TM (unaotetema wima) imekauka. Hapo utaushika mkazo kwa macho yako.

KijanaWaKaloleni

Shikamoo mzee.

Nimetoa. Ni 62.

Nimekaa nikiangalia karatasi dakika kadhaa. Nikawapigia nyumbani, mama akadhani nimefaulu mtihani.

Dada_Spektra

FundiWefa, nakubaliana na yote isipokuwa aya ya mwisho, na sitaki kijana aende nayo mbele ya wakaguzi.

TE nyingi na TM kidogo ubavuni *haithibitishi* mkazo. Chukua kisima cha GaAs ndani ya AlGaAs (GaAs iliyotiwa alumini), ambako hatua za atomi karibu zinalingana na hakuna mbano wa maana. Huko nako tundu zito liko juu, kwa sababu kufungiwa kisimani peke yake hulisukuma jepesi chini zaidi: uzani mdogo, nishati kubwa ya kufungiwa. Utaona TE tele. Mkaguzi mmoja mjanja atauliza hilo na kijana atabaki mdomo wazi.

FundiWefa

Marahaba kijana, na hongera.

Dada, umenikamata. Nimeandika kama mtu aliyezoea kuotesha InGaAs tu. Kisima cha kubanwa na kisima cha kawaida vyote vinatoa TE; mbano unaziachanisha ngazi zaidi, hauzigeuzi. Kijana, andika hivi: TE *inaafikiana* na mbano. Ushahidi wenyewe ni eksirei.

Lakini nikupe upande wa pili, huko polaraizesheni ndiyo inayosema. Weka fosforasi badala ya indiamu: GaAsP juu ya GaAs. Hatua ya GaP ni 5.451, fupi kuliko ya msingi, kwa hiyo tabaka sasa linavutwa, linanyooshwa pembeni na kubonyea. Mambo yote mawili yanageuka. Pengo linashuka kwa ujazo, na tundu *jepesi* ndilo linalopanda juu. Likivutwa vya kutosha kushinda kufungiwa, mwanga unageuka kuwa TM. Kuna leza za 808 za namna hii, zile za kuchochea fuwele za YAG, na mtu aliyezoea TE akiweka kioo chake kama alivyozoea anapoteza mwanga wote na kulaumu leza. Na ukivuta kwa kipimo cha katikati, matundu mawili yanakutana tena, TE na TM zinalingana. Watu wa vikuzaji vya mwanga wanaitafuta hali hiyo kwa makusudi, kwa sababu mwanga ukishasafiri kwenye nyuzi unafika ukiwa umejigeuza ovyo na kikuzaji hakipaswi kubagua.

Nilivyojua kwamba mkazo hauishii kwenye kuotesha ni hivi. Sehemu fulani nilikokuwa, zamani, leza zetu za 980 zilikuwa zinasoma 980 kabla ya kufungwa kwenye vitako. Zikifungwa, 974. Sote tukamgeukia aliyeotesha. Naye akawa anaapa, masikini, na sampuli zake mkononi. Wiki tatu. Kumbe kulikuwa na haraka ya oda, fundi wa kuunganisha ameishiwa vitako vya shaba na tungsteni, akatumia shaba tupu na ile lehemu ngumu ya dhahabu na bati. Lehemu hiyo huganda karibu digrii 280. Kutoka hapo hadi chumbani GaAs husinyaa kidogo, shaba husinyaa karibu mara tatu yake, na lehemu haikubali kuteleza. Chipu nzima ilikuwa inabanwa na kitako chake, juu ya mbano iliyokuwa nao. Nyingine zilipasuka rafuni bila kuguswa. Ulikuwa unaingia asubuhi unazikuta na ufa. Hakuna aliyemwomba yule aliyeotesha radhi, mimi nikiwemo, hadi siku anahama.

Kwa hiyo ukipima kitu kilichogandishwa juu ya kingine, uliza kimegandishwa kwa nini na kwenye joto gani.

SubiraYaPwani

Swali la mtazamaji. Kama kubana kunaleta kasoro na nyufa, kwa nini mtu abane? Si atafute mata zinazolingana?

FundiWefa

Swali zuri, na kwa miaka mingi ndivyo watu wengi walivyofikiri: mkazo ni ugonjwa, ukwepe. Kilichobadilisha mambo ni hoja ya mwaka 1986, iliyotoka sehemu mbili bila wao kupangana: Alf Adams wa Chuo Kikuu cha Surrey, hapa hapa Uingereza, na Yablonovitch na Kane kule Marekani.

Leza inawaka pale utakapojaza ngazi za juu kuliko za chini. Upande wa elektroni ni rahisi kujaza, ni nyepesi, ngazi zake chache. Upande wa matundu ni kama kujaza maji pipa pana: unamimina, unamimina, kina hakipandi. Ukibana, lile tundu zito lililopanda juu linakuwa jepesi *kwenye mwelekeo wa pembeni*, ambako ndiko linakotembea. Jina linabaki zito kwa sababu kwenda juu bado ni zito. Msikasirikie majina, yalitolewa kabla. Pipa linakuwa jembamba, karibu sawa na la elektroni, na jepesi limeshaondolewa njiani. Unamimina mkondo kidogo, leza inawaka. Tena matundu yote yaliyobaki yanatoa TE, aina inayotakiwa, hakuna yanayopoteza nguvu kwenye TM.

Na kuna urefu wa wimbi ambao bila mkazo huupati. Ukishikilia mata zinazolingana na GaAs, huvuki 870 kwa urahisi. 980 iko ng'ambo, huifiki bila indiamu, na indiamu haiji bila mbano. 980 ndiyo inayochochea nyuzi zenye erbiamu, zinazokuza mwanga wa 1,550 kwenye nyaya ndefu. Huu mjadala wetu ukisomwa Mombasa au Dar, ukipita kwenye waya wa bahari kama SEACOM uliofika huko 2009, mwanga wake umekuzwa njiani kwa nyuzi za namna hiyo, tena na tena.

TaaNaWaya

Wakuu mimi siyo msomi, nauza taa na vifaa vya sola Mwanza. Nimesoma yote, nimeelewa nusu. Nina jambo nimeliona miaka sijui kwa nini. Vile vitaa vidogo vya kijani kwenye kontrola za sola, betri ikichoka na kitaa kikififia, rangi inageuka, inakuwa kama ganda la limau. Si kwamba kinafifia tu, kinageuka. Lakini vitaa vya zamani vya kijani havifanyi hivyo. Ni huu mkazo wenu?

Dada_Spektra

Kaka, umeona kitu ambacho wanafunzi wangu huonyeshwa kwa kifaa cha bei kubwa. Ndiyo, kwa sehemu kubwa ni mkazo, ila umeingia kwa mlango mwingine.

Kitaa cha kijani cha kisasa ni kisima cha InGaN ndani ya GaN (N ni nitrojeni), ndugu wa kile cha bluu kilichowapa Akasaki, Amano na Nakamura Nobeli ya 2014. Hatua ya InN ni 3.545 na ya GaN 3.189, tofauti ya asilimia 11, kwa hiyo kisima kimebanwa sana, na cha kijani zaidi kuliko cha bluu kwa kuwa kina indiamu nyingi. Sasa, mata ya FundiWefa, ikioteshwa kwenye uso wa kawaida, ukiibana pembeni haizalishi umeme. Fuwele ya GaN imepangwa vingine: juu yake na chini yake havifanani. Ukiibana, chaji zinajitokeza kwenye nyuso za kisima, na kati yao kuna uwanja wa umeme wa volti milioni moja kwa sentimita na zaidi. Kisima kina nanomita tatu tu, lakini piga hesabu, ni theluthi ya volti ndani ya unene huo.

Uwanja huo unainamisha sakafu ya kisima. Elektroni inateremkia ukuta mmoja, tundu linateremkia ukuta wa pili. Nishati kati yao inapungua, rangi inasogea kuelekea njano na nyekundu. Na kwa kuwa hawakutani vizuri, mwanga unapungua pia. Ukiongeza mkondo, elektroni na matundu wanajaa kiasi kwamba chaji zao wenyewe zinaufuta uwanja kwa sehemu, sakafu inainuka, rangi inarudi kwenye kijani na kuelekea bluu. Pia ngazi za chini zinajaa, za juu nazo zinashiriki. Hiyo nayo inasukuma upande uleule. Betri ikichoka, kinyume chake: mkondo kidogo, uwanja umebaki wazi, limau.

Vitaa vya zamani vya kijani havikuwa na kisima wala uwanja, vilitengenezwa kwa GaP. Utavitambua: vinataka volti 2 na kidogo, vya kisasa karibu 3.

TaaNaWaya

Dada nimefunga duka mapema. Nimechukua kimoja cha zamani kutoka redio mbovu na kimoja kipya, nikaweka kila kimoja na rizista ya kuzungusha, giza kabisa, mke wangu shahidi. Cha zamani kimefifia hadi kuzima, rangi ileile. Kipya kimegeuka, na mke wangu ndiye aliyesema kwanza "mbona hiki kinaiva?" Nikajaribu na taa ya dari ya kupunguza mwanga, hiyo haikugeuka.

Dada_Spektra

Ya dari mara nyingi hupunguzwa kwa kuwashwa na kuzimwa haraka, mkondo ukiwa uleule kila inapowaka. Jicho linaona kufifia, kisima hakijui. Msalimie shemeji, ana jicho.

KijanaWaKaloleni

Nimerudi, siku kumi na mbili baadaye. Eksirei iliachwa usiku tatu kama mzee alivyosema.

A: 004 kilima kipana, katikati yake kiko digrii 1.04 chini ya GaAs. Kwenye 224 kimesimama wima sawasawa juu ya mstari wa msingi, hakijasogea pembeni. Kimebanwa chote. Uigaji unatoa indiamu asilimia 20.3. B: kwenye 224 kimeteleza kutoka kwenye mstari, uigaji unasema kimelegea asilimia 26.

Nimefuta ile 15 na nusu kwenye faili zote. Mwenzangu alikuwa ameitumia kwenye sampuli zake nne, hajafurahi.

Polaraizesheni nimeipima nikaandika "inaafikiana", Dada.

Jambo moja limebaki. Nimeiweka B chini ya darubini, nimeona ile mistari, imepishana kama vyandarua, kila mmoja wima kwa mwenzake. Lakini upande mmoja mistari ni mingi, karibu mara mbili ya upande wa pili. Nilidhani msingi ni mchemraba na pande zote ni sawa?

FundiWefa

Uso si sawa, kijana. Kwenye GaAs kuna atomi za aina mbili, na dislokesheni ya upande mmoja kiini chake ni galiamu, ya upande wa pili ni aseniki. Moja hukimbia haraka kuliko nyingine, kwa hiyo upande mmoja unalegea kabla ya mwenzake. Maana yake B yako imelegea asilimia 26 kwa wastani, siyo pande zote. Igeuze digrii 90 upime 224 tena. Halafu rudi na kichujio chako, safari hii mulika kutoka juu, ukizungusha.